Kanda za Rafu ya Sita

Kanda zilikuwa mia tano na arobaini, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina. Kila moja ilikuwa na namba tu, iliyoandikwa kwa wino wa buluu kwenye mgongo wa kasha: moja hadi tisini kwenye rafu ya kwanza, moja hadi tisini kwenye rafu ya pili, hivyo hivyo mpaka ya sita. Rangel, aliyezirekodi, alizijua zote kwa kichwa. Halafu asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, alianguka jikoni akiwa ameshika kikombe cha kahawa, na kichwa kile kikaondoka na kila kilichokuwa ndani yake.

Mjane wake, Dobrina, hakuzigusa. Alipangusa vumbi kila Jumamosi, basi. Kwa miaka ishirini na mbili mume wake alikuwa akipotea mwisho wa wiki na mashine yake ya kurekodi, akizunguka harusi za vijiji vyote vinavyouzunguka mji wa Haskovo, na yeye alikuwa kiwandani au amelala. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, mkaguzi wa vitambaa. Kazi yake ilikuwa kutazama kitambaa kikipita mbele ya taa, na mahali penye kasoro kupaweka alama ya chaki. Muziki wa harusi ulikuwa mambo ya Rangel.

Mwezi Machi serikali ilipotangaza kwamba watu wakae ndani kwa sababu ya korona, mtoto wake Kamen alipiga simu kutoka Ujerumani.

"Mama, hoteli imefungwa. Jikoni wametutoa wote."

"Utakula nini?"

"Nakula, usijali. Ila tumeamua kurudi. Mimi nitatangulia Mei, mke wangu na mtoto watafuata shule zikifungwa. Mama, tutahitaji kile chumba."

"Chumba ni chako, mwanangu."

"Na zile kanda?"

Dobrina aligeuka kuutazama mlango wa chumba.

"Mama, ni plastiki. Hata mashine ya kuzipigia kesho utaikosa. Nikija nitazishusha mwenyewe kwenye pipa, wewe usijisumbue na ngazi."

Hakumlaumu. Mtu mwenye mke na mtoto hawezi kulala juu ya rafu. Lakini alipoweka simu alienda chumbani akasimama mbele ya kanda, na kwa mara ya kwanza aliona kuwa zile ndizo saa zote ambazo Rangel hakuwa nyumbani, zimepangwa kwa mstari.

Siku iliyofuata akampigia Snezhana, msimamizi wa nyumba ya utamaduni ya mtaa, pale ambapo watu huazima vitabu na kufanya mazoezi ya kwaya.

"Ningezichukua kwa mikono miwili," Snezhana akasema. "Kabati ninalo. Lakini nahitaji nani anapiga, wapi, mwaka gani. Kanda isiyo na jina siwezi kuiandikisha, shangazi. Hakukuwa na daftari?"

Daftari lilikuwepo. Rangel alilichoma kwenye jiko majira ya baridi ya mwaka themanini na tano, ukurasa kwa ukurasa. Miaka ile wapigaji wa harusi walitozwa faini, na nyimbo za Kituruki zilipigwa marufuku kabisa, hata kuimbwa nyumbani. Jina kwenye karatasi lilikuwa jambo la hatari. Na si daftari tu. Harusini mgeni akitoa zawadi kwa wapigaji, mwimbaji hutangaza: wimbo huu umeombwa na fulani wa kijiji fulani, kwa heshima ya bibi harusi fulani. Rangel alikata salamu hizo zote kutoka kwenye kanda. Ulibaki muziki mtupu, na hapa na pale mbwa au jogoo.

Dobrina akaketi na penseli. Kanda mia tano arobaini. Wimbo mmoja kutoka kila kanda, nyimbo tisa kwa siku, siku sitini. Angemaliza katikati ya Mei. Yeye mwenyewe asingemtambua mpigaji hata mmoja, lakini jengo lao lilikuwa limejaa watu waliohamia mjini kutoka vijiji vilevile. Mlango B peke yake ulikuwa na ghorofa saba, masikio yote yamefungiwa ndani na hayana kazi. Akabandika tangazo kwenye ubao wa mlangoni chini: kila siku saa kumi na moja jioni atapiga nyimbo kutoka kwenye roshani yake ya ghorofa ya nne, anayemjua mpigaji ampigie simu ya mezani.

Siku ya kwanza alianza na namba moja, mbili, tatu, kwa utaratibu. Ikawa balaa.

"Dada Dobrina," Slavi akapiga simu. Slavi alikaa ghorofa ya kwanza, na ndiye msimamizi wa Mlango B, mwenye funguo za paa na za chumba cha mita za maji. "Mbona zote za watu wa mtoni? Sisi wa milimani hatukuwa tunaoa?"

"Napiga kwa mpangilio wa rafu, Slavi."

"Mpangilio unawapendelea."

Baada yake akapiga Bibi Trendafila wa ghorofa ya pili, mwenye miaka themanini na minne.

"Wewe msichana," akasema. Dobrina alikuwa na miaka sabini na moja. "Tuko kwenye mfungo mkubwa. Hakuna harusi kwenye mfungo. Unapiga ngoma, na Bwana wetu hajasulubiwa bado?"

"Sipigi kwa furaha, bibi. Natafuta majina."

"Mguu wangu haujui hilo. Mguu wangu umecheza."

Dobrina alifikiri usiku kucha. Asubuhi akatoa dadu moja kwenye sanduku la Rangel la mchezo wa dadu, na mfuko wa loto, mchezo wa namba waliokuwa wakicheza Kamen alipokuwa mdogo, wenye vipipa tisini vya mbao, kila kimoja na namba yake. Dadu lina nyuso sita, na rafu zilikuwa sita. Dadu lingechagua rafu, kipipa kingechagua kanda. Ile iliyokwisha kupigwa ingeachwa na kipipa kingine kuvutwa. Jioni akatoka kwenye roshani, uzi mwekundu na mweupe wa Machi, ambao kwa desturi hufunguliwa mtu akiona mti umechanua, ungali mkononi mwake kwa sababu hakuwa ametoka nje, akarusha dadu kwenye sinia ya bati ili wote wasikie.

"Tatu," akatangaza. Akavuta kipipa. "Hamsini na nane. Asichague mtu, asilaumiwe mtu."

"Mwambie huyo dadu afunge," Bibi Trendafila akasema kutoka chini. Lakini hakuingia ndani.

Tangu hapo mambo yakaenda. Saa kumi na moja kasorobo viti vilikwisha kutolewa kwenye roshani, mbegu za alizeti zikatafunwa, mabishano yakaanza hata kabla ya muziki. Simu ililia wimbo ukiwa bado katikati. Mtu aliijua kodiani kwa jinsi ilivyovuja upepo kwenye sauti za chini. Mtu mwingine alimjua mbwa: "Huyo ni mbwa wa mjomba wangu wa Vodenitsa, alikuwa anabweka mara tatu kisha anapumzika. Tafuta harusi ya binti yake, mwaka themanini." Wapwa walipigiwa simu vijijini, simu zikawekwa kwenye dirisha wapate kusikia. Slavi alijidai anawajua wote, na alipokosea watu walipiga masufuria.

"Huyo ni Stoil kipofu," angesema.

"Stoil alikuwa anaona vizuri kuliko wewe," wangemjibu kutoka mlango wa jirani. "Alikuwa anafumba macho asione mkewe anavyocheza."

Dobrina aliandika kila kitu. Alisubiri majibu mawili yanayofanana kabla ya kuandika kwa kalamu. Jibu moja likikaa peke yake aliliandika kwa penseli na kuliwekea alama, kama alivyokuwa akifanya kwa chaki. Ijumaa Kuu alinyamaza, kwa heshima ya Bibi Trendafila, na nyimbo za siku hiyo alikuwa amezitanguliza Jumatano.

Mkesha wa Pasaka akajumlisha. Nyimbo mia mbili sabini zilikwisha kupigwa. Mia mbili na kumi na tisa zilikuwa na majina. Hamsini na moja hazikuwa nayo, na kati ya hizo, arobaini na saba zilitoka rafu ya sita.

Alihesabu mara mbili. Rafu ya sita haikuwa na jina hata moja.

Sasa alikumbuka vizuri. Dadu likisema sita, mabishano yalikoma. Simu haikulia. Ilikuwa klarineti kila mara, klarineti moja, yenye sauti nene kama ya mtu anayezungumza karibu na sikio, na kodiani nyuma yake ikipiga chinichini. Watu walisikiliza mpaka mwisho, kisha mtu akakohoa, mwingine akasema, "Haya, Dobrina, rusha tena." Slavi, mjuzi wa wote, hakuwahi hata kukisia.

Akampigia Snezhana kumwuliza.

"Rafu tano nazichukua bila neno," Snezhana akasema. "Hiyo ya sita, shangazi, bila jina siwezi. Nitaiandika vipi? Klarineti?"

Yaani rafu ya sita ingeshushwa kwenye pipa. Dobrina alirudi chumbani, akaitazama. Ndiyo rafu pekee ambayo Rangel alikuwa ameitengenezea mlango wa kioo. Hakukumbuka kama aliwahi kumwuliza kwa nini.

Jioni ya Pasaka dadu likatoa sita kwenye mrusho wa pili. Safari hii Dobrina hakusikiliza kanda, alilisikiliza jengo. Kwanza, juu ya kichwa chake, bawaba ikalia: mlango wa roshani ya ghorofa ya tano ulifunguliwa kidogo. Kisha mguu. Kandambili juu ya sakafu, taratibu sana, mbili, mbili, mbili, tatu. Mbili, mbili, mbili, tatu. Mtu aliyekaa miaka thelathini kando ya mitambo ya kufuma anajua kuhesabu bila kukusudia. Na akagundua kitu. Mguu ulikuwa ukisimama, kisha klarineti ndiyo inasimama. Kila mara mpigaji alipokaribia kuvuta pumzi, mguu ulikwisha kutulia tayari, kabla yake. Mara ya kwanza alidhani ni bahati. Mara ya nne aliweka penseli chini.

Msikilizaji hufuata muziki. Yule wa juu alikuwa akiutangulia.

Ghorofa ya tano alikaa Mzee Misho, mstaafu wa ghala la tumbaku, mjane, mtoto wake yuko Bursa, Uturuki. Mtu mpole, anayesalimia kwanza, anayeacha nyanya za bustani yake kwenye milango ya watu bila kugonga. Kwa miaka yote hiyo Dobrina hakuwahi kumsikia akipiga hata mluzi.

Jumatatu ya Pasaka akapanda ngazi na mkate mtamu na mayai matatu mekundu kwenye sahani. Akaiweka juu ya kigoda mbele ya mlango, akagonga, akashuka vidato sita na kuketi, barakoa usoni.

"Kristo amefufuka, jirani," akasema mlango ulipofunguka.

"Na mimi nakutakia heri, jirani," Mzee Misho akasema. Aliitazama sahani, akatoa kiti chake kizingitini, akaketi. Akachukua yai moja na kuanza kulimenya polepole.

"Ni wewe," Dobrina akasema.

Hakujifanya haelewi. "Umejuaje?"

"Mguu wako unajua wapi utavuta pumzi."

Akacheka kidogo, bila sauti. "Mguu. Miaka thelathini na mitano nimefunga mdomo, nimesalitiwa na mguu."

"Mbona hukupiga simu? Unajua ninachotafuta. Nimeandika kwenye ubao."

"Rangel alinipa mkono. Aliniambia, nitarekodi, lakini halitaandikwa jina, wala lako wala la mwenye sherehe. Akaliheshimu hilo mpaka kufa. Mimi nilivunje kwa sababu ya simu ya mezani?"

"Aliahidi ili usikamatwe. Nani atakukamata leo?"

"Hakuna." Aligeuza yai mkononi. "Hakuna. Lakini mtu akizoea."

Chini, Slavi alisikika akiburuta ndoo.

"Wote wanajua?" Dobrina akauliza.

"Wenye umri wetu wanajua. Wananyamaza kwa adabu. Wanaona kunitaja ni kunikumbusha." Akainua macho. "Na ukiandika, utaandikaje?"

"Nitaandika ukweli. Misho Vasilev, klarineti."

Mzee akaweka yai kwenye sahani.

"Huyo hajui kupiga klarineti, jirani," akasema, kwa sauti ileile ya upole. "Huyo alizaliwa Januari ya themanini na tano, ofisini, mbele ya meza, siku serikali ilipotulazimisha sisi Waturuki kubadili majina, mimi nikiwa na miaka thelathini na minane. Walinipa orodha ya majina nichague, kama mtu anachagua viatu. Klarineti waliichukua wiki hiyohiyo. Kwa hiyo Misho hajawahi kuishika."

Dobrina alihisi uso wake unapata moto chini ya barakoa. Alitaka kusema kwamba wao majirani hawakuwa na nia mbaya. Akakumbuka kila siku, kila kidato, habari za asubuhi Mzee Misho, asante kwa nyanya Mzee Misho.

"Lakini mwaka wa tisini ulirudisha jina lako."

"Nilirudisha kwenye karatasi. Hapa kwenye ngazi, hakuna aliyeniuliza. Mlikuwa mnaliita kwa upendo. Mtu anakuita kwa upendo, utamkatizaje?"

"Ungenikatiza mimi."

"Ndiyo nakukatiza."

Alisema kweli, na Dobrina hakujitetea. "Mehmed," akasema. Alikuwa ameliona kwenye bahasha za pensheni ya mzee, lakini lilikuwa geni mdomoni mwake, na aliona aibu kwamba lilikuwa geni. "Na kama klarineti waliichukua, kwenye kanda unapiga nini?"

Hapo mzee akatabasamu hasa. "Rangel aliniletea nyingine masika yaleyale. Aliitoa wapi, sisemi. Liko kwenye kanda, alilisema kwa mdomo wake. Dadu likitaka, utasikia."

"Namba ngapi?"

"Jirani, kama ningeijua si ningekwambia? Mume wako alipenda namba, mimi sikuzipenda."

Hakuahidi zaidi ya hapo. Alisema atafikiri.

Jumanne saa kumi na moja roshani zote zilizotazama yadi zilikuwa zimejaa watu, mayai mekundu na mikate mezani, maana mfungo ulikwisha na hata Bibi Trendafila alikuwa ametoa glasi. Mbili. Tano. Moja. Moja. Dobrina alikuwa na dadu mkononi, angeweza kuligeuza akalaza sita juu, na nani angeona. Alirusha. Nne. Kwenye mrusho wa saba likazunguka kwenye sinia muda mrefu, likalala.

"Sita," akasema. "Kipipa, thelathini na moja."

Klarineti ikaanza. Watu wakaacha kutafuna. Wimbo ulipokwisha, kikohozi kile cha kila siku kilianza kutoka mahali fulani, lakini hakikumalizika, kwa sababu sauti ilitoka ghorofa ya tano. Haikuwa ya simu. Mzee alikuwa amesimama roshanini, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na alitangaza kwa mtindo wa harusini, ule wa kuvuta neno la mwisho ili wa meza za mbali wasikie.

"Wimbo huu ulipigwa kijiji cha Orlova Bara, Agosti ya themanini na sita. Haikuwa siku ya kuzaliwa, kama tulivyowaambia polisi. Ilikuwa tohara, iliyokatazwa miaka ile, ya wana wawili wa Hasan mfua chuma. Madirisha yalizibwa kwa blanketi, na watu sitini walicheza bila viatu ili sakafu isisikike. Kodiani alipiga marehemu Angel wa kituo cha treni, aliyekuwa Mkristo na hakulazimishwa na mtu. Klarineti, Mehmed, mwana wa Yusuf."

Dobrina aliandika papo hapo, kwa kalamu, bila kusubiri jibu la pili.

"Mehmed nani?" Bibi Trendafila akauliza kutoka chini. Alikuwa mzito wa kusikia kidogo, kwa hiyo alisema kwa nguvu.

"Mimi, Bibi Trendafila."

"Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Juu yako, ghorofa tatu."

"Basi hujambo, Mehmed," bibi akasema, akainua glasi. "Na wewe ulikuwa unanipigia klarineti hiyo kwenye mfungo?"

Kicheko kilianzia mlango A kikapita roshani zote. Katikati yake Dobrina akamwona Slavi akitoka mlangoni chini na bisibisi. Alienda kwenye orodha ya wakazi, ile yenye kioo kando ya kengele, akaifungua, akatoa karatasi yenye jina la Misho.

"Niliikuta hivyo," akasema akitazama juu, kama aliyeulizwa. "Tangu nipewe funguo niliikuta hivyo. Nikaacha." Akaandika mpya akiwa ameegemea ukuta, akairudisha, akafunga skrubu nne moja baada ya nyingine. Hakusema mzaha wowote, na kwa Slavi hilo lilikuwa jambo kubwa.

Baada ya hapo, ikawa dadu likitoa sita, watu wanashangilia kama vile timu yao imefunga bao. Mehmed alisimama, akatangaza. Kanda za rafu ya sita zilizokwisha kupigwa bila jina walizipitia asubuhi, yeye kitini kizingitini, Dobrina kwenye kidato cha sita na mashine ndogo mapajani. Harusi ambako bibi harusi aliimbiwa kwa kunong'onezwa. Tohara zilizofanywa mchana wa kazi ili moshi wa jikoni usishangaze mtu. Wakati mwingine alifumba macho akataja waliokuwa chumbani, mmoja mmoja, kuanzia mlangoni. Dobrina aliwaandika wote.

Kamen aliwasili tarehe kumi na mbili Mei, akiwa amevimba miguu kwa safari ya basi, na kwa amri akafungiwa karantini siku kumi na nne. Alifungiwa katika chumba kilekile cha kanda, kwenye kitanda cha kukunja kilichobanwa kati ya rafu ya pili na ya tano.

"Mama, hapa nimelala kaburini kwa Farao," akasema kupitia mlangoni.

"Farao hakuletewa supu."

Saa kumi na moja aliachwa dirishani kwake asikilize. Siku ya kwanza alitazama simu yake. Siku ya tatu aligonga ukutani akasema, "Mama, huyo siyo Angel. Angel alikuwa anachelewa kidogo kwenye kurudia. Baba alinionyesha." Naye alikuwa sahihi.

Siku ya hamsini na nane, Jumamosi, mrusho wa nne ulitoa sita, na kipipa kumi na saba. Dobrina akabonyeza. Kanda ilikwaruza. Kisha badala ya klarineti ikasikika sauti ya mwanamume, karibu sana, kama ameinamia mashine, akijaribu kutangaza kama waimbaji wanavyotangaza na akishindwa kwa sababu ya kicheko.

"Wimbo huu unaombwa na Rangel wa Haskovo. Kwa heshima ya mke wake Dobrina, ambaye sasa hivi yuko kiwandani zamu ya pili, na hajui kwamba cherehani yake haiko kwa fundi mjini Plovdiv. Iko hapa. Sikilizeni inavyolia. Mehmed, ipige."

Na klarineti ikaingia kwa kishindo.

Dobrina alibaki amesimama na kipipa mkononi. Cherehani yake, ya miguu, yenye meza ya mbao za mjozi, aliyoinunua kwa miezi kumi na minne ya zamu za usiku. Masika ya themanini na tano Rangel aliipeleka kutengenezwa, na fundi, alisema, amehama na hajulikani aliko. Alimnunia mume wake mwezi mzima. Kumbe aliiuza akanunua klarineti. Kifuniko chake cha mbao alikuwa nacho mpaka leo, ndani yake aliweka vitunguu.

Upande wa pili wa ukuta Kamen alikuwa akilia au akicheka, hakuweza kujua. Roshani zote zilikuwa zimemgeukia yeye.

"Jirani," akasema, akiinua uso kuelekea ghorofa ya tano. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia. "Jirani Mehmed. Cherehani yangu unayo wewe?"

"Ninayo."

"Inafanya kazi?"

"Miaka mingi sijaishonea kitu."

"Itoe basi. Nina haki ya kuiona."

Mzee alikawia ndani. Watu walisikia kabati, kisha pamba ya kusafishia ikivutwa, kisha noti moja iliyokwaruza, na nyingine iliyokwaruza kidogo tu. Alipotoka alikuwa akilamba midomo yake. Alianza wimbo uleule wa kwenye kanda, polepole, akakosea, akarudi, akakosea tena mahali palepale. Mara ya tatu akapita. Mtu wa mlango A akachukua sufuria na kuishika mbili, mbili, mbili, tatu. Slavi akafuata kwa bisibisi juu ya nguzo ya kukaushia nguo. Hapakuwa na mtu aliyeweza kumshika mwenzake mkono, kwa hiyo kila mmoja alicheza duara lake mwenyewe, katika mita mbili za saruji, ghorofa juu ya ghorofa, na Bibi Trendafila alicheza akiwa ameketi.

Kazi iliisha siku ya sitini, kama ilivyopangwa. Kati ya mia tano arobaini, tisa hazikupata mwenyewe. Dobrina aliziandika "bado hajajulikana," na Snezhana alipoona daftari alisema tisa si kitu, alete tu.

Walizihamisha Jumamosi ya kwanza ya Juni. Kamen, aliyetoka karantini na ndevu, alibeba makasha mwenyewe, rafu kwa rafu, na hakutaka msaada kwa rafu ya sita. Mehmed alisimama mlangoni chini, barakoa mfukoni na klarineti mdomoni, akapiga wimbo ule unaopigwa bibi harusi anapotoka kwa wazazi wake. Bibi Trendafila akamwaga birika zima la maji kizingitini ili safari iwe ya heri, kama desturi inavyotaka, na Kamen nusura ateleze.

"Taratibu na bibi harusi," Slavi akasema.

Dobrina alikuwa wa mwisho kutoka, daftari kwapani. Alisimama karibu na Mehmed, hatua mbili kama amri ilivyosema. Mguu wa Dobrina ulikwisha kuanza bila kumwuliza, mbili, mbili, mbili, tatu, kiatu cha kwendea kanisani juu ya saruji iliyolowa. Kasha la mwisho lilipoingizwa garini ulitulia. Punde tu baada yake, Mehmed akavuta pumzi.